Sauti Iliyomtoa Fundi Ndani

Sauti ndiyo iliyompa jina. Alipokuwa kuruta, mwalimu wa gwaride alimsikia akihesabu hatua, akasema, "Huyu hana koo, ana kengele," na tangu siku hiyo hata makamanda walimwita Kengele. Alipofikia cheo cha sajini, akawa Sajini Kengele. Akitoa amri kutoka upande mmoja wa uwanja, safu iliyo upande wa pili inageuka kama mtu mmoja. Mkewe alikuwa na utani wake: kwamba hakumkubali kwa kumpenda, alimkubali ili anyamaze.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, miaka sita iliyopita, alipotolewa kwenye doria na kupelekwa chuo cha polisi kufundisha gwaride. Watu walisema amepata anachostahili. Hawakujua kwamba ombi la uhamisho aliliandika mwenyewe, wiki ya tatu baada ya fundi kufa, na kwamba uwanja wa gwaride aliutaka kwa sababu moja tu: hauna milango.

Fundi alikuwa akimtokea mlangoni. Hakumjia ndotoni, maana ndoto angezizoea. Alimjia mchana kweupe, Kengele akiwa amekaa na watu, kikombe cha chai kiko njiani kwenda mdomoni. Anainua macho, anamwona: mwanamume mwembamba mwenye fulana ya bluu, utepe wa kupimia nguo umening'inia shingoni, mkasi mkubwa uko mkono wa kulia, mguu mmoja ndani ya kizingiti na mmoja nje. Hasemi. Hatishi. Anamtazama tu, kama mtu aliyeitwa na sasa anangoja aambiwe alichoitiwa. Kisha mtu wa kweli anapita mlangoni hapo, na fundi hayupo.

Mkewe peke yake ndiye aliyeambiwa.

"Ananifuata mimi kwa nini?" Kengele alimwuliza siku moja. "Si mimi niliyempiga. Bastola yangu haikutoka hata kwenye mkoba wake."

"Basi muulize, Baba Pacha. Mtu akija kwako mara zote hizo unamuuliza ana shida gani."

"Mfu haulizwi."

"Haya, na mimi usiniulize."

Lakini alisema kweli, hakupiga risasi. Risasi ilitoka kwa konstebo aliyekuwa naye, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye miezi minane kazini. Walikuwa watatu siku hiyo, pamoja na dereva. Waliitwa na dada wa fundi. Kaka yake, mshona nguo mpole, alikuwa amevurugikiwa na akili kwa muda wa wiki mbili, hali chakula wala halali usingizi, na asubuhi hiyo alijifungia kwenye chumba chake cha kazi akawa anapigapiga meza. Dada alitaka msaada wa kumfikisha hospitali. Dakika nne baada ya gari kusimama, fundi alikuwa amelala kizingitini pa chumba chake, na utepe wake wa kupimia ulikuwa umebadilika rangi.

Ripoti ya uchunguzi iliandika: "Marehemu alitoka ghafla akiwa ameshika silaha yenye ncha kali." Konstebo alisafishwa. Hata hivyo aliacha kazi mwaka huohuo, akajifunza kutengeneza majokofu. Kuhusu Kengele, ripoti ilikuwa na mstari mmoja wa sifa: kwamba alitoa tahadhari kwa sauti iliyosikika vizuri.

Mstari huo aliukumbuka neno kwa neno, na kila alipoukumbuka ulimkera, naye hakujua ni kwa nini.

* * *

Mwaka huu chuo kilipokea barua kwamba wakufunzi ishirini na wanne wafundishwe upya, nao wakawafundishe wengine, jinsi ya kupoza hali iliyochemka na jinsi ya kufanya doria bila kuanzisha vita. Mafunzo ya wiki mbili. Jina la Kengele lilikuwa la saba kwenye orodha.

Aliyekuja kuwafundisha alikuwa inspekta mstaafu, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, viatu vya raba, miwani imefungwa kamba. Kabla ya chai ya kwanza walikwisha kumpa jina: Mama Polepole. Aliingia, akachora mlango ubaoni, akauliza:

"Mmeitwa nyumbani kwa mtu. Mnasimama wapi?"

"Mbele ya mlango, afande," wakajibu wengi.

"Kwa nini? Mmekuja kupigwa picha?"

Darasa likaangua kicheko. Lakini alikuwa hatanii. Akawaonyesha mahali pa kusimama, ubavuni, nyuma ya ukuta, mwenzako mkabala nawe na si nyuma yako. Akawaambia waweke kitu kati yao na mtu, gari, meza, hata pipa la taka, kwa sababu mtu asiyeweza kukufikia hana haja ya kupigwa. Akawatoa nje wakatembea mtaani wawiliwawili, mchana, akiwasimamisha kila baada ya nyumba chache: mkono wako uko wapi? Kwa nini unamwangalia yule muuza matunda kama amekuibia? Mmesalimia wangapi tangu kona ile?

"Mtu yuko chumbani peke yake," aliwaambia siku ya tatu. "Hakuna mwingine wa kuumia. Hiyo haraka ni ya nani?"

Wakatazamana.

"Ni yenu. Yeye hana haraka. Nyinyi ndio mnataka kurudi kituoni mkale."

Koplo mmoja mrefu, waliyemwita Twiga, alinyanyua mkono. "Afande, kwa heshima zote, sisi si wauguzi. Mtu ana kisu, mimi nimbembeleze?"

"Umbembeleze ukiwa mbali naye, ndiyo. Ukishindwa, bunduki haitakuwa imeyeyuka. Itakuwa palepale ulipoiacha."

Kengele alikuwa anaandika yote. Daftari lake lilikuwa safi, mistari imenyooka. Alikaa kiti cha mbele kabisa, na wenzake walidhani ni bidii. Ukikaa mbele, mlango unakuwa mgongoni.

* * *

Siku ya nne Mama Polepole alileta bahasha ya kadi. Kila kadi ilikuwa na tukio lililotolewa kwenye majalada ya zamani, majina yamefutwa, mahali pamefutwa. Alieleza kwamba kila tukio litachezwa mara mbili: kwanza kama lilivyofanyika, makosa yake yote, ili waone, kisha kama lilivyopaswa kufanyika.

"Na mtakaocheza mtu wa ndani," alisema, "sitaki sinema. Msipige kelele za wendawazimu. Nyinyi ni mtu ambaye kichwa chake kinamsumbua lakini anajaribu kutii. Mkisikia amri, fanyeni. Basi."

Kundi la Kengele lilikuwa la watu wanne. Twiga alichomoa kadi, akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua.

"Mwanamume, miaka thelathini na minane. Fundi cherehani. Amejifungia chumba cha kazi. Dada yake ameita polisi. Ana mkasi."

Kengele aliona mdomo wa Twiga ukiendelea kwenda lakini hakusikia kitu. Alitaka kusema, kadi nyingine tafadhali, nina dharura, nataka kujisaidia. Badala yake alisikia Twiga akisema, "Sajini, wewe na sauti yako ukiwa nje tutasikia wewe tu. Ingia ndani uwe fundi."

Wakacheka. Mtu akamtia mkononi mkasi wa mbao.

Chumba kilikuwa stoo ya magodoro, nyuma ya ukumbi. Kulikuwa na meza, kiti, na dirisha dogo lililozibwa na kabati. Walimfungia mlango. Akasimama. Akajiona mjinga, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa mwenye mkasi wa mbao katikati ya magodoro. Aliusogelea mlango, kisha akaurudia ukuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa upande huu.

Nje gari la kuigiza lilifika: mtu alipiga makofi mawili, ndiyo milango ya gari kufungwa. Hatua. Halafu zikaanza sauti.

"Polisi! Fungua!"

"Weka chini hicho ulichoshika!"

"Usisogee! Kaa hapohapo!"

"Toka nje! Toka nje sasa hivi!"

Walikuwa wanacheza kama kadi ilivyoandika, kila mmoja na lake, na ubao wa mlango ulikuwa unazisaga sauti zote kuwa uji. Akajaribu kusikiliza. Mtu anayejaribu kutii, alikuwa ameambiwa. Atii lipi? Weka chini, akatazama mkono wake. Usisogee, akasimama. Na juu ya yote, ile sauti kubwa kuliko zote, ya Twiga aliyekuwa anajitahidi kunguruma kama Kengele mwenyewe, ikaja tena, safi, haina uji: Toka nje! Toka nje!

Hiyo ndiyo aliyoielewa. Akasukuma kitasa. Alifurahi hata, kwa sekunde moja, kwa kuwa sasa alijua anachotakiwa kufanya. Akavuta mlango, akapeleka mguu mmoja nje.

"Paa!" akasema mwenye bastola ya plastiki.

Wenzake watatu walimtazama wakitabasamu, kisha tabasamu likawaisha mmojammoja. Kengele alikuwa amesimama kizingitini, mguu ndani, mguu nje, akiutazama mkono wake wa kulia. Mkasi ulikuwa bado umo. Alikuwa ameusahau. Hakukumbuka kuufungua mkono.

"Sajini?" Twiga alimwita. "Sajini, uko salama?"

"Kadi inasema aliyesema toka nje ni nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, hawakuwahi kuisikia hivyo.

Twiga akaangalia. "Haisemi jina. Inasema 'kiongozi wa doria'."

Mama Polepole alikuwa amesogea. Aliusoma uso wa Kengele kwa muda, akawaambia wale watatu, "Sasa mara ya pili. Mmoja tu azungumze. Twiga, wewe. Na sauti hiyo kaiache chooni."

Mlango ukafungwa tena. Safari hii kulikuwa na kimya kirefu mpaka akadhani wameondoka. Halafu, kutoka ubavuni, mahali pa chini, kama mtu aliyechuchumaa:

"Fundi. Mimi ni koplo wa polisi. Niko hapa na dada yako. Hakuna anayeingia humo. Hatuna haraka, tumekuja kukaa." Kimya. "Dada yako anasema hujala tangu juzi. Kweli?"

Kengele alitakiwa ajibu. Alijaribu. Alikaa kwenye magodoro, akafunika uso, na mabega yakawa yanatikisika bila sauti. Twiga nje aliendelea kuongea, taratibu, kuhusu chakula, kuhusu kiti kigumu, kuhusu joto, kwa muda mrefu, bila kujua kwamba aliyemo ndani alikwisha kuuweka mkasi mezani bila hata kuambiwa.

* * *

Mama Polepole alimkuta jioni kwenye ngazi za ukumbi.

"Lilikuwa lako," alisema. Halikuwa swali.

"Ulijua?"

"Hapana. Majalada huja yamefutwa. Ningejua nisingekupa." Akafikiri. "Au ningekupa. Sijui, mwanangu. Nisikudanganye."

"Miaka sita ninajiuliza kwa nini anakuja kwangu, haendi kwa aliyempiga." Kengele alikuwa anautazama uwanja wa gwaride, mtupu, nyayo za kuruta zimejaa vumbini. "Anakuja kwa sababu nilimwita. Nilimwambia atoke, akatoka. Bado anatoka."

Yule mama alikaa ngazi moja chini yake, akafungua kamba za viatu vyake, akazifunga upya.

"Ripoti iliandika alitoka ghafla," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na wewe ulitia sahihi."

"Ndiyo."

"Basi una kazi," akasema, akainuka.

* * *

Jumamosi hapakuwa na darasa. Kengele alivaa nguo za kiraia, akapanda basi mpaka mtaa ambao kwa miaka sita alikuwa akizunguka kilomita nzima ili asiupite. Alikaa kwenye kituo cha basi robo saa kabla ya kuvuka barabara.

Dada wa marehemu alimjua kabla hajasalimia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa amekaa barazani akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakusimama. Alifunika kalamu yake.

"Afande Sauti," alisema.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Alionyesha kiti kwa kidevu. Nyuma yake palikuwa na mlango wa chumba cha kazi, umepakwa rangi mpya, na Kengele alikaa akiwa ameupa ubavu, kama walivyofundishwa.

"Nimekuja kukuambia jambo," akaanza. "Siku ile kaka yako hakutoka kutushambulia. Alitoka kwa sababu nilimwamuru atoke. Mwenzangu alimwambia asisogee, mimi nikamwambia atoke, yangu ikawa kubwa zaidi. Nilikuwa sijaliona hili. Naapa nilikuwa sijaliona. Nimeliona Alhamisi."

Mwalimu alimtazama kwa muda ambao ungetosha kusahihisha daftari zima.

"Mimi niliwaambia," alisema. "Siku ya pili tu. Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, nilisikia kila neno. Niliwaambia wale waliokuja na kalamu: mlimwita, naye akaja. Unajua waliandika nini? Kwamba ndugu wa marehemu ana fadhaa, maelezo yake hayaeleweki."

"Sikuwahi kuyaona maelezo yako."

"Hukuwahi kuyauliza."

Mtaani mtu alipita akivuta mkokoteni, magurudumu yakilia, wakangoja wote wawili apite.

"Na kuna kitu kingine," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa karibu ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Kengele. "Alijibu. Wewe hukusikia?"

"Alijibu nini?"

"Uliposema toka nje mara ya tatu. Alisema, 'Ndiyo, nakuja.' Hivyo tu. Kama nilivyokuwa nikimwita chakula tayari. 'Ndiyo, nakuja.' Halafu ukapiga kelele ya mara ya nne juu yake."

Kengele aliinua macho, akamwona fundi amesimama kwenye mlango uliopakwa rangi mpya, fulana ya bluu, utepe shingoni, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba midomo yake ilikuwa inasogea, na kwamba siku zote ilikuwa inasogea.

"Unaangalia nini?" dada aliuliza. Akageuka nyuma, akautazama mlango, akarudisha uso. Hakuuliza tena. Labda na yeye alikuwa na siku zake za kuutazama.

"Nisamehe," Kengele alisema.

"Usiniombe hilo leo. Mimi si kisima, kwamba kila anayekuja na ndoo anachota. Nenda kaandike. Ukishaandika, ukitia sahihi kama ulivyoitia ile ya kwanza, uniletee nakala niisome."

Akachukua kalamu, akavuta daftari jingine. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Kengele alipofika barabarani alimsikia akiita nyuma yake, si kwa hasira:

"Marahaba."

* * *

Aliandika Jumapili, kurasa tatu, kwenye meza ya kulia chakula, mkewe akiwa amekaa mkabala naye akichambua mchele. Hakumsomea. Alipomaliza alimsogezea karatasi, mkewe akazisoma zote huku mkono mmoja bado umo kwenye sinia.

"Watakuvua cheo," alisema.

"Huenda."

"Na wale waliosema umefanya vizuri watasema una kichaa."

"Huenda."

Akazirudisha. "Hapa umeandika 'tulimwamuru'. Mlikuwa wangapi mliomwambia atoke?"

Akachukua kalamu, akafuta, akaandika "nilimwamuru."

Kabla ya kuipeleka barua alimpigia simu aliyekuwa konstebo. Alidhani anampelekea nafuu. Alimweleza yote: amri mbili zilizogongana, jibu ambalo hawakulisikia, na kwamba kosa lilianza kwa mkubwa wake. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya nyundo ndogo ikigonga bati, kisha nyundo ikaacha.

"Sajini," alisema yule kijana, ambaye sauti yake haikuwa ya kijana tena. "Miaka sita nimejiambia alinirukia. Nimekula na hilo, nimelala na hilo. Nimeoa na hilo. Sasa unaniambia alikuwa anatii?"

"Nilidhani ni haki yako kujua."

"Ni haki yangu. Lakini mimi nilikuomba?"

Akakata. Kengele alibaki na simu mkononi. Hakuwa amelifikiria hili: kwamba ukweli ule ule uliomfungua yeye ungemfunga mwingine. Alimpigia tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tano simu ikapokelewa, na hakuna aliyezungumza, lakini haikukatwa. Wakakaa hivyo kama dakika kumi, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, jokofu fulani likinguruma nyuma. Baada ya hapo alipiga kila Jumapili.

Kamanda wa chuo alizisoma kurasa tatu akiwa amesimama. "Jalada hili limefungwa," alisema. "Hakuna anayekudai kitu. Kwa nini unajitia motoni kwa hiari yako?"

"Afande, mwisho wa wiki hii mtanipa cheti niwafundishe watu mia mbili kwa mwaka jinsi ya kusimama mlangoni. Nitawafundisha nini?"

Kamanda alishika tama. Mwisho akagonga mhuri wa kupokea, kwa nguvu, kana kwamba mhuri ndio wenye makosa.

* * *

Siku ya mwisho kila mkufunzi alitakiwa afundishe wenzake somo la dakika arobaini. Wengi walichagua doria ya miguu, au umbali na kizuizi. Kengele alichora mlango ubaoni. Alisimama ubavuni mwake, akatoa kadi, akaisoma kama ilivyo, akauliza makosa ni mangapi. Wakataja matano, sita. Walisimama mbele ya mlango. Walizungumza watatu. Hawakumpa muda. Twiga akasema, hawakuona kwamba alichoshika ni chombo cha kazi yake, maana fundi cherehani kushika mkasi ni kama mwalimu kushika chaki.

"Limebaki moja," Kengele alisema. "Hakuna aliyesikiliza jibu. Fundi alisema 'Ndiyo, nakuja.' Haikuandikwa kwenye kadi kwa sababu haikuandikwa kwenye jalada, na haikuandikwa kwenye jalada kwa sababu kiongozi wa doria alikuwa anapiga kelele." Akaweka kadi mezani. "Kiongozi wa doria ni mimi."

Mama Polepole, kiti cha nyuma, alivua miwani.

Kengele aliwafundisha dakika thelathini zilizobaki: mmoja azungumze, sema jambo moja, kisha nyamaza uhesabu mpaka ishirini. Aliwahesabisha. Ishirini ni nyingi mno ukiwa kimya. Wengine walianza kujikuna kabla ya kumi. Naye alipokuwa anahesabu kimoyomoyo alimwona fundi mlangoni mwa darasa, na hakuyakwepa macho yake. Aliisoma midomo. Mbele ya watu wote, kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Nimesikia." Darasa lilidhani ni sehemu ya somo, na wengine waliandika.

Uchunguzi ulifunguliwa upya, ukachukua miezi kumi na mmoja. Maneno "alitoka ghafla" yalifutwa, yakaandikwa "alitoka kwa amri." Kengele alishushwa cheo kuwa koplo, akabaki chuoni. Nakala ya zile kurasa tatu aliipeleka mwenyewe kwa yule mwalimu, naye mwalimu akaisoma mara mbili, akasahihisha kosa moja la tahajia kwa kalamu nyekundu, akaiweka ndani. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia chai ipo.

Je, fundi aliacha kuja? Hakuacha. Alikuja mara chache zaidi, na hakusimama tena kizingitini, alipita tu, kama mtu wa nyumbani. Mkewe alipomuuliza siku moja kama bado anamwona, alisema ndiyo, na mkewe akasema, "Basi kumbe mlishasalimiana," akaendelea kupiga pasi.

Mwaka uliofuata mmoja wa wanafunzi wake, konstebo wa kike, alirudi chuoni kuchukua cheti, akamkuta uwanjani. Alikuwa na malalamiko.

"Afande, ile njia yako inachosha! Juzi tulikwenda kwa mzee mmoja amejifungia na panga. Saa nne nzima! Nimekaa chini ya dirisha, mgongo umekufa ganzi, tunazungumza habari za kuku wake, jogoo amefanya hivi, mtetea amefanya vile. Mwenzangu mpaka akasinzia."

"Halafu?"

"Halafu akatoka."

"Alisema nini alipotoka?"

Konstebo alikunja uso akajaribu kukumbuka, akaona aibu kwa kutokumbuka haraka. Kengele alingoja. Kuruta walikuwa wanapita nyuma yao wakiimba hatua, vumbi likipanda, na yeye alingoja tu.

"Aliuliza nani amechukua viatu vyake," alisema yule konstebo. "Tukaanza kuvitafuta."